Pale Kanda Iliposimama

Elinami alikuwa mtu asiyejua kukaa. Kanisani alisimama karibu na mlango, dukani alizunguka meza yake ya spea za magari na pikipiki mpaka wateja wakamwomba atulie kidogo wamweleze shida yao, na hata picha za video, alizozipenda kuliko chakula, aliziangalia akiwa wima, mikono nyuma, akihama kutoka dirishani kwenda kabatini. Marehemu mkewe alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama malaika watamkosa nyumbani. Mke akatangulia yeye, binti yao Hope akaolewa Moshi, na baba mtu akabaki Themi, Arusha, na nyumba kubwa, televisheni, deki ya video na miguu isiyotulia.

Mtu wa namna hiyo ukimwongezea mapenzi, umemwaga petroli motoni. Ndiyo, mapenzi. Msicheke. Mtu mzima mwenye mkwe naye ana moyo, na moyo hauulizi tarehe ya kuzaliwa.

Aliyemtia hali hiyo ni Hedwiga, karani wa chuo cha misitu kule Olmotonyi, mwanamke wa Kibosho, mrefu, mpole wa sauti na mkali wa macho. Hakuwahi kuolewa. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyebebeshwa mzigo wa kusomesha wadogo zake wa kiume na kumtunza mama, na siku wadogo walipomaliza kusoma, wachumba walikuwa wameshachoka kungoja. Watu walilisema jambo hilo kwa ile huruma ya kuudhi, naye akajifanya halimgusi. Lilimgusa. Elinami alijua, kwa sababu siku moja wamejibanza barazani wakingoja mvua ikatike, Hedwiga alimweleza mwenyewe kwamba harusini huwa anakaa nyuma kabisa, asije akaonekana anatamani. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuambiwa hivyo.

Walikutania dukani kwa Tajeu, Levolosi. Enzi zenyewe zilikuwa za ruksa: vitu ambavyo miaka michache nyuma ulivisikia kwa waliotoka Nairobi, sasa vilipangwa barazani, na kila mtaa ulikuwa na mtu mwenye deki. Tajeu, ambaye kwao ni wafugaji upande wa magharibi wa Mlima Meru, aliuza ng'ombe wake akafungua duka la kukodisha kanda. Baba yake alikuja siku moja, akatazama rafu kutoka juu hadi chini, akauliza ni ipi kati ya hizo inayokamuliwa. Tajeu aliisimulia habari hiyo kwa kila mteja, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia kwamba ameshaisikia.

Jumamosi alasiri wapenzi wa picha walijaa pale. Hawakuja kukodi tu, walikuja kubishana na kupendekezeana. Huyu anasema chukua hii, yule anasema hiyo ni takataka, chukua hii hapa. Majina ya picha hawakujihangaisha nayo, kwa kuwa vibandiko vilishafutika na lugha zenyewe zilikuwa za mbali. Waliziita kwa mambo yaliyomo. Ile ya mapacha. Ile ya fundi saa. Ile ya mama mgahawa. Na walikuwa na desturi yao ambayo sijaisikia kwingine. Maduka mengine yalidai kanda irudishwe nyuma hadi mwanzo kabla ya kuletwa. Hata kwa Tajeu ilikuwa hivyo, mpaka mashine yake ya kurudishia ikafa na yeye, kwa uvivu wake, akasema leteni zilivyo. Hapo watu wakagundua kwamba kanda ikiwekwa tena, inaanzia pale mwenzako alipoisimamisha, na kwamba unaweza kumjua mtu kwa hapo.

Ikawa ndiyo sheria. Ukimpendekezea mwenzako picha, hurudishi nyuma. Unaisimamisha pale moyo wako uliponasa. Naye akifika kwake anaona kwanza kipande chako, halafu anairudisha mwanzo na kuiangalia yote hadi mwisho. Yote. Tajeu alilikazia sana hilo, akisema kipande bila picha ni umbea. Naftali, yule mpiga picha za pasipoti, alisimamisha kanda zake zote kwenye teke la mwisho, bila kukosa. Hedwiga alisimamisha mahali ambapo hakuna mwingine angepaona. Kanda ya kwanza aliyompa Elinami ilikuwa ya majambazi, bunduki kutoka mwanzo hadi mwisho, na yeye akaisimamisha pale mama wa jambazi anapokunja shati la mwanawe ambaye hatarudi. Elinami alisimama katikati ya sebule na kwa mara ya kwanza miguu yake ikasahau kutembea.

Basi miezi ikaenda, watu wazima hao wakisemezana kwa kanda. Uso kwa uso waliongea habari za mvua, barabara na afya ya mama kule Kibosho. Huyu akimwita mwenzake Baba Hope, yule akimwita Dada Hedwiga, kwa heshima zote. Elinami alijaribu kusema la moyoni. Alijaribu zaidi ya mara moja, na kila alipofungua mdomo miguu ilianza kulizunguka duka na maneno yakabaki nyuma. Wakati mwingine alijipa kisingizio kwamba yeye ni Mlutheri na mwenzake Mkatoliki. Kisingizio hicho kilikuwa hakina nguvu, na yeye alijua.

Mwishowe akaamua kanda iseme. Alichagua ile ya fundi saa, ya mwanamume mpweke anayetengeneza saa ya mwanamke jirani yake, ileile, miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja anaandaa chai vikombe viwili, anavuta kiti cha pili, anakifuta vumbi kwa kiganja, anangoja. Hapo ndipo Elinami alipobonyeza kitufe. Kiti cha pili, kisafi, kitupu. Hata mtoto angeelewa. Jumamosi ile alipomkabidhi Hedwiga kanda, alitamka kwa shida kwamba hii inataka jibu. Hedwiga akamtazama kwa yale macho yake, akasema akishaiona atamjibu.

Wiki hiyo Elinami hakuwa mtu. Alimuuzia mwenye Land Rover mkanda wa feni wa lori. Alienda kanisani siku ambayo si ya ibada. Katikati ya wiki Tajeu akamwambia kwamba Hedwiga amemtuma Namelok, mwanafunzi wa misitu aliyepanga chumba kwake, aje kuchukua ile ya mama mgahawa, na ameagiza ikirudi apewe Baba Hope. Picha hiyo Elinami alikuwa hajawahi kuiona. Tajeu alipotaka kumdokezea kidogo, aliziba masikio na kutoka nje. Alikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, na hakujua aishike ipi.

Jumamosi ikafika, Hedwiga hakutokea. Jumatatu Namelok akaja mbiombio, akaiacha kanda mezani kwa Tajeu na kusema kwamba mwenyewe amesafiri ghafla kwenda kwao, hajulikani atarudi lini. Elinami alipoambiwa, aliichukua kanda akaifunga ndani ya koti na kwenda nayo Themi kwa miguu, akiwa amesahau kwamba alikuja na pikipiki.

Aliiweka kwenye deki. Picha ikatokea. Mwanamke amesimama mlangoni mwa mgahawa wake, mwanamume yuko nje kwenye mvua, amevua kofia. Mwanamke anamtazama, anafunga mlango, anasukuma komeo, anazima taa. Ndani ni giza.

Elinami alizima deki. Alibaki ameshika kiti, kile cha kawaida cha mezani kwake, kwa muda mrefu. Kwa hiyo ndivyo. Ameulizwa kuhusu kiti, amejibu kwa komeo, kisha amekimbilia kwao asije akaonana na muulizaji. Uchungu ulimpanda kwanza, halafu aibu, na aibu kwa mwanamume wa umri ule haikai peke yake, inakwenda kumwita hasira. Kanda hakuirudisha nyuma. Hakuiangalia yote hadi mwisho. Sheria aliyoishika kwa miezi yote, siku ambayo ingemfaa aliivunja.

Hasira hasara, kila mtu anaisema, na hakuna anayeikumbuka mpaka hasara iwe imeshaingia. Kesho yake Elinami alikwenda kwa Tajeu na kuomba ile ya bibi harusi mzee. Ni picha ya kuchekesha, wanasema. Kuna mwanamke mwenye mvi ambaye wahuni wa mtaa wanamdanganya kwamba amepata mwanamume wa kumwoa, naye anavaa shela, anakwenda, anakuta watu wote wamekusanyika kumcheka. Elinami aliipeleka mbele, akairudisha kidogo, akaisimamisha pale hasa: shela, mvi, na vinywa vyote vya harusi vimefunguka kwa kicheko. Alikumbuka maneno ya barazani siku ya mvua. Aliyakumbuka vizuri, na bado akabonyeza.

Akairudisha kanda kwa Tajeu, akasema ni ya Hedwiga, apewe akija. Tajeu akaiweka chini ya meza bila kuuliza. Elinami aliondoka akiwa na raha ya mtu aliyelipiza, na raha hiyo ilimfikisha mpaka daraja la mto Themi. Hapo ikakatika. Alisimama akitazama maji, akajiambia arudi kuichukua, akajiambia asirudi. Hakurudi.

Akalisusa duka la Tajeu. Kila jioni aliamua kwamba kesho ataifuata ile kanda, na kila kukicha akapata sababu ya kutokwenda. Usingizi ukampaa. Alipanga upya spea zake zote kwa ukubwa, kisha akazipanga kwa namba. Mpaka alasiri moja miguu yenyewe ikampandisha pikipiki, akajikuta Levolosi, na njia nzima alijidanganya kwamba anapita tu.

Tajeu alikuwa peke yake. Kabla Elinami hajafungua mdomo, akamuuliza kama ameshakwenda kumpa pole Hedwiga.

"Pole ya nini?"

Tajeu alishangaa kwamba hajui. Mama wa Hedwiga amefariki. Siku ile aliyosafiri alikuwa ameitiwa ugonjwa, bibi yuko mahututi, na hakukaa siku nyingi akaenda. Wameshazika, Hedwiga amerudi Olmotonyi, na watu wa jumuiya yake na wa chuo wako kwake wanamfariji. Habari hizi Namelok ndiye aliyezileta, alishuka mchana huu kununua sukari ya chai ya wageni.

Elinami aliishika meza. Akauliza, polepole, kwamba Hedwiga aliitwa saa ngapi siku ile. Tajeu, ambaye hakuona maana ya swali, alijibu kwamba kwa alivyosimulia Namelok, ilikuwa Jumamosi mchana, mwenzao yuko kwenye picha yake. Umeme ukakatika, na akiwa bado amekaa gizani anangoja urudi, mjumbe kutoka Kibosho akabisha hodi. Aliondoka na nguo alizovaa. Kanda ikabaki ndani ya deki, maana deki bila umeme haitemi kitu, na ni Namelok aliyekuja kuitoa umeme uliporudi.

Mwaka huo mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto. Mvua za kwanza zilishaanza kunyesha, lakini mabwawa yalikuwa bado matupu, na giza liligawiwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Jumamosi ile zamu ilikuwa ya Olmotonyi. Themi taa ziliwaka siku nzima. Elinami aliyeziona zikiwaka kwake, haikumpitia kichwani kwamba kanda inaweza kusimamishwa na kitu kingine zaidi ya moyo wa mtu. Mlango uliofungwa, komeo, taa iliyozimwa: hakuna aliyevichagua. Mgao ndio uliovichagua.

"Na ile kanda yangu?" aliuliza.

"Nimempa Namelok ampelekee," alisema Tajeu. "Nilijua umemwekea kitu cha kumfariji."

Kuna maneno mema yanayokata kuliko matusi.  Kichwani mwake Elinami alimwona Hedwiga katika nguo za msiba, anakaa mbele ya televisheni kwa siri, sauti ameipunguza, ili aone rafiki yake amempelekea nini. Hata kama watu wa msiba hawafungui televisheni, kipande ni cha kitambo kidogo tu, na Hedwiga hakuwahi kuiacha kanda ilale. Angeiona shela. Angeviona vile vinywa. Angejua kwamba neno alilomwamini nalo mtu mmoja duniani, mtu huyo amelinoa na kumrudishia, tena wiki aliyomzika mama aliyemtunza badala ya kuolewa.

Akauliza mgao leo uko wapi. Tajeu akatazama kalenda ukutani: Olmotonyi, tangu asubuhi mpaka saa moja jioni. Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Kwa hiyo bado hakuwa ameiona. Giza lililomponza sasa ndilo lililokuwa linamlinda, na lilikuwa na saa mbili za kuishi. Elinami alitoka bila kuaga, akawasha pikipiki, na Tajeu akabaki na swali lake mdomoni.

Alipita Sakina kwa kasi ambayo mtu wa heshima zake haendi, akaikamata barabara ya Nairobi huku manyunyu yakimpiga usoni. Ngaramtoni ng'ombe walikuwa wanarudi, wametandaa barabara nzima, na mchungaji wao hakuwa na haraka yoyote. Elinami alipiga honi, akashuka, akapanda, akashuka tena. Mzee mmoja akamshauri kwamba mwenye haraka angetoka jana. Lilikuwa neno la kweli, na lilimuudhi kwa sababu hiyohiyo.

Alipoacha lami na kuanza kupandisha kwenye mikaratusi, cheni ikakatika. Mtu anayeuza cheni Arusha nzima, mwenye maboksi ya cheni yaliyopangwa kwa ukubwa na kwa namba, alisimama kwenye utelezi bila cheni hata moja. Hakulaani. Aliisukumiza pikipiki kwenye kichaka, akaanza kupanda kwa miguu, viatu vikizama, koti likimlemea, akiomba jambo ambalo pengine hakuna Mtanzania mwingine aliyeliomba mwaka ule, kwamba umeme usirudi.

Nyuma yake, chini kabisa, mji ulikuwa unaanza kuwaka. Aligeuka akaona taa za Ngaramtoni zimeshika. Akakimbia. Akaanguka, akainuka, akakimbia. Kisha mbele yake, juu kati ya miti, nyumba za chuo zikawaka zote pamoja, na watoto mahali fulani wakashangilia kama watoto wanavyoshangilia umeme ukirudi. Elinami alisimama. Alitamani kugeuza. Angerudi, angefunga duka, angehamia hata Moshi kwa Hope, asiuone uso wa yule mwanamke tena maishani. Lakini miguu ile isiyojua kukaa haikujua kurudi pia, ikampeleka mpaka mlangoni.

Sebuleni watu walikuwa wamekaa mikekani, wengine kwenye viti vya kuazima, wanasali rozari. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitenge. Elinami alipapasa kwa macho juu ya televisheni, juu ya deki, juu ya meza. Kanda haikuwepo. Namelok alimwona alivyo, tope hadi magotini, akamnong'oneza shikamoo na kumwonyesha mlango wa nyuma.

Hedwiga alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha uani, chini ya taa, khanga nyeusi kichwani. Alikuwa amekonda. Magotini alikuwa na kanda, na alikuwa anaifanyia kitu ambacho Elinami hakukielewa mara moja. Njiti ya kiberiti ameichomeka katika kile kitundu cha chini, ili kizuizi cha magurudumu kiachie, na kidole cha shahada amekitia kwenye gurudumu, anazungusha. Anazungusha taratibu, bila kupumzika.

"Umeiangalia?" alisema Elinami.

Hakusema hodi. Hakusema pole. Hedwiga aliinua macho, akamtazama kutoka kwenye tope hadi kwenye nywele zilizolowa, na hakuacha kuzungusha.

"Watu wakija msibani huwa wanaanza na pole," alisema.

Elinami alifungua mdomo, na kama kawaida miguu ikaanza kuelekea upande mwingine. Safari hii Hedwiga hakuiacha imchukue. Alimwambia asimame hapohapo amsikilize, kwa sababu hana nguvu ya kusema mara mbili.

"Namelok aliponieleza alivyoitoa ile kanda ya mgahawa, nilimuuliza ilikuwa imesimama wapi. Yeye hakujua. Mimi najua umeme ulikatika wapi, nilikuwa naangalia. Nikajua umeuona mlango unafungwa. Halafu leo naletewa kanda kutoka kwako, na wewe hujaja hata kunipa mkono. Nikasema, hii imesimamishwa na hasira." Alibadilisha kidole. "Tangu mchana naizungusha. Wageni wanadhani nasali."

Elinami alitazama kile kidole. Kilikuwa kimechubuka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba umeme umesharudi, deki ingeirudisha mara moja.

"Ningeiweka kwenye deki, mkono ungenishinda. Ningetaka kuona. Sitaki kuona, Elinami."

Hakuwahi kumwita jina lake. Lilimwingia pale ambapo Baba Hope hakuwahi kufika. Akaanza kueleza, ile ni kanda gani, aliisimamisha wapi, ni shetani gani alimwingia, na Hedwiga akainua mkono.

"Usiniambie. Leo usiniambie, na kesho usiniambie. Hilo ni lako, ukae nalo mwenyewe. Mimi nimemzika mama yangu, sina mahali pa kuliweka."

Elinami alikuwa amepanda mlima mzima ili apate kusamehewa, na sasa alielewa kwamba msamaha aliopewa haukuwa wa kupokelewa na kwisha. Atakula nao, atalala nao, na kila atakapomwona mwanamke huyu akikaa nyuma harusini ataukumbuka, na hatakuwa na wa kumwambia. Machozi yalimtoka waziwazi, hakuyafuta.

Ndani rozari ilifika mwisho, watu wakaanza wimbo. Elinami aliuliza, kwa woga, ile ya mgahawa Hedwiga angeisimamisha wapi, kama umeme usingekatika.

"Ukaiangalie hadi mwisho," alisema Hedwiga. "Ndiyo sheria." Kisha akaongeza bila kumtazama: "Matanga yakiisha, uende Kibosho kwa wadogo zangu. Uende na mdomo, usiende na kanda."

Kulikuwa na kigoda kingine pale kibarazani, kimelowa manyunyu. Hedwiga alikivuta, akakifuta kwa ncha ya khanga yake.

"Pole, Hedwiga," alisema Elinami. "Pole sana kwa mama."

Akakaa. Hedwiga akaichomoa njiti, akampa yeye pamoja na kanda, kwa kuwa ilikuwa bado haijafika mwanzo, akajifunga khanga vizuri na kuingia ndani kwa wageni. Elinami aliichomeka njiti kwenye kitundu, akaingiza kidole kwenye gurudumu, akaanza kuzungusha. Kidole kilimuuma mapema. Alizungusha mpaka wimbo ukaisha na mwingine ukaanzishwa, na hakuinuka.